Daktari Asiye na Dawa



Swali ninalotaka tulitafakari mwezi huu ni hili: je, ni halali kwa daktari kumchoma mgonjwa sindano, akachukua damu yake na mkojo wake, akampima nguvu za miguu na kumpiga picha, hali akijua moyoni ya kwamba hana dawa ya kumpa, wala hataipata mgonjwa huyo angali hai? Wengi wetu tutajibu upesi, wengine ndiyo, wengine hapana. Naomba tusijibu upesi. Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu, tangu niliposoma habari za ugonjwa mmoja uliowapata watu wa nchi yetu, na kila nilipodhani nimelimaliza lilizaa swali jingine.

Madaktari wa mishipa ya fahamu, yaani wale wanaoshughulika na ubongo, uti wa mgongo, na nyuzi zinazopeleka amri ya ubongo mpaka mikononi na miguuni, wana ugonjwa mmoja walioutungia vitabu vingi mno. Unaitwa maltipo sklerosisi. Huku kwetu karibu na ikweta ni adimu, lakini Ulaya na Amerika ya Kaskazini unawapata wengi, aghalabu vijana, na wanawake kuliko wanaume. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huigeukia nyumba yake yenyewe, ikauharibu utando unaozifunika nyuzi za fahamu. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huo waziwazi mjini Paris mwaka 1868. Dawa ya kwanza iliyoweza kupunguza mashambulizi yake iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Hesabuni wenyewe: miaka 125. Katika miaka yote hiyo wagonjwa walipimwa, waliandikwa, na wengi walipasuliwa baada ya kufa, na hakuna aliyepewa dawa hiyo kwa kuwa haikuwapo. Hata hivyo, bila wao isingepatikana.

Lakini sitaki kuwachosha kwa ugonjwa wa Ulaya. Tunao wa kwetu, nao unaliuliza swali letu kwa ukali zaidi.

Mwaka 1985, katika sehemu ya mbali ya wilaya ya Tarime iliyokuwa imepigwa na ukame, walionekana watu 39 waliopooza miguu. Wakati ule Tarime ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo, maana Rorya haikuwa bado wilaya ya peke yake. Ugonjwa wenyewe huja ghafla. Mtu hulala mzima, akaamka hawezi kusimama. Au hutoka shambani baada ya mwendo mrefu akaona miguu inatetemeka na kumwacha. Baada ya siku kadhaa udhaifu hupungua kidogo, lakini miguu hubaki imekakamaa, magoti yanagusana, visigino havifiki chini, na mtu hutembea kwa ncha za vidole. Mwingine hutembea bila msaada ila hawezi kukimbia. Mwingine huhitaji fimbo moja au mbili. Mwingine hatembei tena kabisa. Akili hubaki timamu. Na jambo la ajabu ni kwamba baada ya hapo ugonjwa hauzidi wala hauponi. Ulivyomkuta ndivyo unavyomwacha, maisha yake yote. Wanaopatwa zaidi ni watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watoto wanyonyao hawapatwi.

Waliokwenda kuuchunguza walikuwa wanne kwa kazi mbalimbali. Yuko Glen Brubaker, mganga Mmarekani wa hospitali ya Wamennonite ya Shirati. Yuko Nicholas Mlingi, Mtanzania mwenzetu, mtaalamu wa chakula wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyo hapa Dar es Salaam. Yuko Hans Rosling, Mswidi, ambaye alikuwa mganga wa wilaya huko Nacala, Msumbiji. Na yuko William Howlett, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu kutoka Ireland, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Huyu Howlett ndiye aliyekuwa na ujuzi wa kumgonga mtu goti kwa nyundo ndogo na kujua ni uzi gani wa fahamu uliokatika. Walichokiona walikitangaza mwaka 1990 katika jarida la madaktari liitwalo Brain.

Ugonjwa una jina la kale. Giovanni Trolli, daktari Mwitalia aliyetumikia Kongo ya Wabelgiji, aliuandika mwaka 1938 kutoka sehemu za Kwango. Wenyeji wa huko, Wayaka, waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 ulizuka katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukawapata watu zaidi ya 1,000. Wamakua wa huko waliuita mantakassa. Wale wenzetu wa Temeke ambao asili yao ni Masasi na Tunduru wanajua kwamba Wamakua wako pande zote mbili za mto Ruvuma, kwa hiyo habari hii si ya mbali.

Mwanzoni watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Damu ya wagonjwa ilipimwa, maana katika nchi nyingine za joto kuna kirusi kinachokakamaza miguu kwa namna inayofanana. Hakikuonekana. Kilichoonekana ni sumu, na sumu hiyo ilitoka katika muhogo.

Mwalimu hata akistaafu haachi kutafuta chaki, basi mniwie radhi nieleze kidogo. Ndani ya muhogo, hasa ule mchungu, mna kitu ambacho kikivunjwa hutoa sayanidi, sumu kali. Bibi zetu waliijua sumu hiyo pasipo kulijua jina lake, wakatunga njia za kuitoa: kuloweka siku tatu au nne, kuvundika, kumenya, kuanika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo kutwanga. Muhogo uliotengenezwa hivyo hauna neno. Na kama kiasi kidogo kikibaki, mwili una uwezo wa kukigeuza kisidhuru, ila kwa kazi hiyo unahitaji kitu kinachopatikana katika samaki, nyama, mayai na vyakula vya namna hiyo. Sasa tazameni yanapokutana mambo mawili. Mwaka wa ukame, mahindi yamekufa, mtama umekufa, muhogo mchungu peke yake ndio umesimama, na ukame wenyewe huzidisha sumu ndani yake. Watoto wana njaa leo, hawawezi kungoja siku nne. Mama anamenya, anaponda, anaanika kwa muda mfupi, anaponda tena, anaanika tena, na siku hiyohiyo anapika ugali. Mboga hakuna. Wiki moja, mbili, nne. Ndipo asubuhi moja mtoto anaamka miguu imefungwa.

(Kwa akina mama watakaoogopa: muhogo tunaoununua Tandika na Mbagala, ule wa kuchemsha au kukaanga au wa nazi wanaoupenda sana majirani zetu wakati wa kufuturu, kwa kawaida ni muhogo mtamu, nao ukipikwa vizuri pamoja na kitoweo hauleti konzo. Msimwache muuza mihogo wa watu akakosa riziki kwa sababu ya mwalimu.)

Baada ya maelezo hayo, turudi kwenye swali letu. Matokeo ya utafiti huu yalikuwa na makali ambayo sijaona yakisemwa vya kutosha. Kabla ya wataalamu kufika, mtu aliyepooza usiku mmoja angeweza kusemwa kuwa amerogwa, au amelaaniwa, au wazazi wake wametenda jambo. Ni swali lilelile ambalo wanafunzi walimwuliza Bwana wetu walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, wakitaka kujua nani alikosa. Naye hakukubali swali liulizwe hivyo. Wataalamu walimwondolea jirani shutuma ya uchawi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini sayansi ilipomwachilia mchawi ilimkamata mama. Ndiye aliyemenya, ndiye aliyeanika kwa haraka, ndiye aliyepika. Fikirini hali ya mwanamke anayeambiwa ya kwamba mwanawe hatatembea tena, na kwamba sumu ilitoka katika sufuria yake mwenyewe. Je, ni heri aambiwe au asiambiwe?

Mimi naona ni lazima aambiwe, kwa kuwa ana watoto wengine. Ila hana budi kuambiwa yote. Ukisimamia jikoni, umesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni uongo. Ukweli mzima una mvua iliyokosekana na ghala tupu, una siku nne za kungoja ambazo tumbo la mtoto halikuweza kungoja. Daktari anayechunguza mishipa ya fahamu akakoma kwenye uti wa mgongo hajafika kwenye ugonjwa. Kwa bahati njema hawa hawakukoma hapo, na ndiyo maana katika kundi lao alikuwamo mtu wa chakula.

Nije sasa kwenye damu. Wazee wanaosoma gazeti hili wanakumbuka neno mumiani. Zamani za ukoloni, hapa Dar es Salaam na pwani yote, watu waliogopa ya kwamba wako watu wanaokamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ikauzwe kwa kutengeneza dawa za Wazungu. Magari ya wazimamoto yalipopita, watoto waliingizwa ndani. Vijana hucheka wakisikia hayo. Mimi sicheki sana. Watu waliona sindano inaingia na damu inatoka, inachukuliwa mbali, na hakuna aliyerudi kueleza imefanya kazi gani. Katika giza la namna hiyo hofu ni jibu la mtu mwenye akili.

Hofu hiyohiyo ilimkuta Rosling mwaka 1989 katika kijiji kiitwacho Makanga, sehemu za Bandundu, katika nchi iliyoitwa wakati ule Zaire. Alisimulia habari hiyo katika kitabu chake Factfulness, kilichochapishwa mwaka 2018 baada ya yeye kufa mwaka 2017. Alikwenda huko na wenzake kuchunguza konzo, na vyombo vya kupimia damu vilikuwa vimekwisha kupangwa. Watu wakakusanyika kwa hasira, wawili wakiwa na mapanga, wakisema huyu amekuja kuchukua damu yetu akaiuze. Yeye akatoa mkobani picha za wagonjwa aliowaona Msumbiji na hapa Tanzania, akaeleza anachokitafuta. Wengine walitulia, wengine hawakutulia. Ndipo akajitokeza mama mmoja, miguu mitupu, akasimama akaikabili ile jamaa. Aliwakumbusha watoto waliokufa kwa surua, na jinsi chanjo ilivyokuja ikamaliza vifo vile. Akawauliza wanadhani chanjo hiyo ilipatikana wapi, kama si kwa watu wa nchi nyingine kukubali kuchunguzwa namna hii. Akasema nao wanataka kujua chanzo cha konzo. Kisha akamgeukia daktari, akamnyoshea mkono wake achukue damu. Kitabu hakimtaji jina.

Nimemfikiria mama huyu mara nyingi kuliko ninavyomfikiria daktari. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant (1724–1804) alifundisha ya kwamba tusimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia shabaha zetu. Sisi tunasema jambo hilo kwa neno fupi, utu. Ukiutazama utafiti wa konzo kwa kipimo hicho, mwanzoni unaonekana umeshindwa: mtu aliyepooza anatumika ili wengine wasipooze, na yeye habadiliki. Lakini mama wa Makanga hakutumika. Alielewa habari ile, akaipima kwa akili yake, akaona deni ambalo hata yeye alikuwa nalo kwa watu asiowajua waliotoa damu zamani kwa ajili ya chanjo ya surua, kisha akatoa. Hapo hakuna chombo. Yuko mtu anayeshiriki kazi.

Kwa hiyo naona kwamba jibu la swali letu linategemea kinywa cha daktari kabla halijategemea sindano yake. Akisema, “Mama, nimekuja kukutibu,” hali hana tiba, amemwibia, hata kama matokeo yataokoa maelfu. Akisema, “Mama, miguu yako sina uwezo wa kuirudisha, ila nataka kujua kilichoifunga,” na mama akaelewa, akakubali, basi damu ile ni halali. Siku hizi sheria zinadai hivyo. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliweka kanuni kwa madaktari wa dunia nzima, na hapa kwetu utafiti juu ya afya ya watu huombewa kibali kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na mgonjwa hupewa karatasi ya kukubali. Ni vizuri. Lakini mimi niliyesahihisha madaftari miaka mingi najua tofauti ya mtoto aliyeelewa na mtoto aliyeandika “nimeelewa”. Karatasi iliyotiwa dole gumba inathibitisha kwamba kulikuwa na wino.

Muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, tunayemwita Dada Mkubwa wote tu, hata sisi tuliomzidi umri, alinipinga vikali nilipomweleza hoja hii. “Mwalimu,” alisema, “wewe unaongea kama mtu aliyeshiba. Mgonjwa wa kijijini akimwona daktari ametoka Ulaya, hata ukimwambia mara kumi kwamba huna dawa, moyo wake hausikii. Anasikia kwamba daktari amekuja. Kukubali kwake ni tumaini, na wewe unalichukua.” Nilinyamaza, kwa sababu amekaa wodini miaka thelathini na mimi sikukaa hata mmoja. Tangu siku hiyo naona kwamba kusema ukweli hakutoshi kumfanya daktari awe huru. Anabaki na deni, na kukubali kwa mgonjwa hakulifuti.

Deni hilo hulipwaje? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosifu utafiti kwa wingi wa makala. Makala ya mwaka 1990 yaliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida linalosomwa London na Stockholm. Ilikuwa lazima, kwa kuwa hivyo ndivyo wataalamu wanavyosahihishana, na mimi mwenyewe nisingependa elimu isiyosahihishwa. Lakini maarifa hayo yalitoka katika miili ya watu wasiosoma jarida hilo. Yakikaa huko, deni halijalipwa hata senti. Howlett kwa upande wake alibaki Moshi akitibu na kufundisha, akachunguza pia jinsi UKIMWI unavyoharibu ubongo na mishipa ulipoanza kuenea kaskazini mwa nchi, na mwaka 2012 alitoa kitabu kikubwa cha kufundishia magonjwa ya mishipa ya fahamu katika Afrika, kinachopatikana bure kwa mwanafunzi yeyote. Hiyo ni namna moja ya kulipa, kwa wanafunzi wa udaktari. Bado jiko.

Mlingi aliendelea na jiko. Alifuatilia hatua kwa hatua jinsi muhogo unavyotengenezwa kusini, ambako mwaka 1988 watu wa mkoa wa Mtwara walipata sumu kwa muhogo ulioandaliwa haraka. Na msidhani ya kwamba baada ya elimu kupatikana ugonjwa uliisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilionekana tena katika mikoa ya Ruvuma na Mtwara. Elimu ilikuwapo tangu 1990, njaa haikuwa imeisoma. Safari hiyo, Mlingi na wenzake walifika na njia aliyoibuni Howard Bradbury wa chuo kikuu kimoja cha Canberra, Australia, nayo ni rahisi hata mtu angeweza kuicheka. Unachukua unga wa muhogo, unauchanganya na maji mpaka ulowe, unautandaza kwa tabaka jembamba juu ya mkeka au ungo mpana, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki hupanda hewani ikaenda zake. Kisha unapika ugali siku hiyohiyo. Haigharimu kitu, wala haimwambii mama angoje siku nne wakati mtoto analia. Nimeiandika hapa makusudi, ili wenye ndugu Newala, Masasi na Mbinga waipeleke kwa simu.

Kuna jambo moja limebaki, nalo linatuhusu sisi wa mjini. Huko Bandundu watafiti waliuliza kwa nini ugonjwa ulizidi katika vijiji vingine. Jibu moja walilolipata lilikuwa barabara. Ilijengwa barabara nzuri ya lami kwenda Kinshasa, magari yakaanza kuja kununua muhogo, na muhogo ukawa ndio fedha ya kijiji. Mnunuzi hangoji. Kwa hiyo mahali pa kuloweka siku tatu wakaloweka siku moja, wapate kuuza mapema, na walichokula wenyewe kikawa kimetengenezwa kwa haraka hiyohiyo. Watu wa Kinshasa hawakupooza, kwa sababu sahani ya mjini ina samaki na nyama. Walipooza wale waliolisha mji, maana vyakula vingine walivyokuwa navyo vilikuwa haba.

Sisi ni Kinshasa ya mtu fulani. Magunia yanayoshushwa alfajiri katika masoko yetu yana mkulima nyuma yake, na tunapogombania shilingi mia kwa fungu tunajua bei tu. Haraka yake hatuijui, wala alichobakiza nyumbani. Sisemi kwamba kununua ni dhambi, mkulima anahitaji kuuza. Nasema kwamba tukianza kuhesabu wenye deni kwa wagonjwa wa konzo, daktari mwenye sindano hayuko peke yake kwenye orodha, na pengine si wa kwanza.

Mtoto aliyekuwa na miaka sita mwaka 1985, kama yu hai, sasa ni mtu mzima aliyepita miaka arobaini, na miguu yake ni ileile. Hakuna dawa mpaka leo. Lakini yako mambo ambayo huweza kutendwa kwa mtu kama huyo, na mengine hayahitaji daktari bingwa: mazoezi ya viungo ili miguu isizidi kujikunja, upasuaji mdogo wa mishipa ya kisigino kwa baadhi yao ili unyayo ufike chini, magongo yanayolingana na kimo chake badala ya kijiti cha porini, baiskeli ya miguu mitatu, na kwa mtoto, dawati katika shule asiyolazimika kuiendea kwa mwendo wa saa mbili.

Mwalimu mstaafu, Temeke